Ramani ya ziwa letu inadaiwa majina

Mwezi Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiweka kando ramani ya Mercator, ile inayotundikwa madarasani tangu enzi za babu zetu na ambayo huichora Greenland karibu sawa na Afrika nzima. Siku niliyowapelekea wanafunzi habari hiyo niliandika tarakimu mbili ubaoni: Greenland, kilomita za mraba 2,166,000, Kongo yetu peke yake, 2,345,000. Darasa zima lilipiga kelele. Kijana mmoja wa nyuma alidai nirudie, akidhani nimekosea kuandika.

Niko pamoja na wanakampeni hao. Gerard Mercator aliichora ramani hiyo mwaka 1569 kwa ajili ya manahodha, ili safari ya kufuata upande mmoja wa dira iwe mstari ulionyooka kwenye karatasi, na kwa kazi hiyo ya baharini alistahili sifa zote alizopewa. Kuitundika darasani ili mtoto wa Kiliba aipime nchi yake kwa jicho ni kumdhulumu mtoto. Ibadilishwe, tena upesi. Ila tukiishia kwenye ukubwa, ramani mpya yenye vipimo vya haki itatuachia deni lile lile la zamani. Deni ninalolisema mimi halipimwi kwa kilomita. Ni la watu waliosema kweli kuhusu Ziwa Tanganyika na mito yake. Wachora ramani wakayachukua maneno yao au wakayatupa, na mara zote mbili wenyewe hawakutajwa.

Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Uvira, mji mwembamba uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini Kalundu. Mjomba wangu anavua ndagala mpaka leo. Kila nikishika ramani ya ziwa, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nani aliulizwa kabla mstari haujachorwa. Na aliyenizoesha kutafuta hivyo ni mzungu wa karne ya 16, rafiki yake Mercator, aliyeitwa Abraham Ortelius.

Ortelius alizaliwa Antwerp mwaka 1527, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Kwamba mabingwa wawili wakubwa wa ramani wa zama zile walitoka katika nchi iliyokuja kututawala ni jambo ambalo wanafunzi wangu hawakosi kuliuliza, na huwajibu kwamba mtu asihukumiwe kwa yaliyotendwa na wajukuu wa majirani zake miaka 300 baadaye. Alianza chini kabisa. Mwaka 1547 aliandikishwa katika chama cha mafundi wa Antwerp kama mpaka rangi wa ramani: ananunua ramani zilizochapwa kwa wino mweusi, anazipaka bahari na mipaka, anaziuza. Dada zake walisaidia kuzibandika juu ya kitambaa. Tarehe 20 Mei 1570 alitoa kitabu alichokiita Theatrum Orbis Terrarum, karatasi 53 za ramani zilizochongwa kwa kipimo kimoja na kushonwa pamoja, kila moja ikiwa na maelezo yake mgongoni. Kabla ya hapo, tajiri aliyetaka kuiona dunia alikusanya ramani moja moja, kubwa kwa ndogo, akazikunja kabatini. Atlasi zote tulizosomea shuleni zimefuata mpango wa kitabu hicho.

Ramani yake ya Afrika unaweza kuitazama bure. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye intaneti kwa ubora unaokuwezesha kuona hata mikwaruzo ya patasi kwenye bamba la shaba. Mimi niliichapisha kwenye sekretaria moja ya barabara kuu, pale wanapotoa fotokopi za vitambulisho, vipande vinne vya karatasi nikaviunganisha kwa gundi. Halisi yake ni ndogo, kama sentimita 37 kwa 50. Chini kulia, katika Bahari ya Hindi, meli tatu zinapigana mizinga na moshi umetanda. Pwani zimejaa majina, moja kando ya jingine, yameandikwa kwa kusimama kama vile ndivyo yalivyopokewa kutoka kwa mabaharia: Mombaza, Melinde, Quiloa. Mtu wa Mombasa, Malindi au Kilwa anajitambua mara moja. Ukiingia bara, mambo yanabadilika. Kusini ya ikweta kuna maziwa mawili makubwa. La magharibi lina jina la Zaire na pia Zembere, la mashariki linaitwa Zaflan, na Mto Nile unatokea huko kwenda kaskazini.

Ziwa letu ni lipi kati ya hayo? Hakuna. Maziwa mawili ya chanzo cha Nile yalikuwa yakichorwa tangu Ptolemy wa Aleksandria, karne ya 2, naye alizipata habari zake kwa njia ya wafanyabiashara waliofika Rhapta, soko la kale la pwani ambayo sasa ni Tanzania. Huko pwani watu walijua kwamba bara kuna maji makubwa. Habari ikasafiri kutoka kinywa hadi kinywa, ikapunguka hapa na kuongezeka pale, ikaingia katika vitabu vya Kigiriki, na ilipomfikia Ortelius ilikuwa na umri wa miaka 1,400. Kuna wanaoziangalia ramani hizi na kucheka. Mimi siwezi. Ndani ya maziwa yale ya kukosewa nasikia sauti ya mchuuzi wa pwani aliyesema kweli, na msururu mrefu wa watu waliomsikia nusu nusu.

Ortelius hakuficha kwamba yeye mwenyewe hakufika. Hilo ndilo linalomtenga na wengi. Mwanzoni mwa kitabu chake aliweka orodha ya waandishi wa ramani alizozitumia, majina 87, kwa alfabeti. Katika chapa zilizofuata orodha ilikua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1600, yeye akiwa ameshakufa, ilikuwa na majina 183. Ramani ya Afrika aliijenga juu ya ile ya Giacomo Gastaldi wa Venice ya mwaka 1564, na Gastaldi yumo katika orodha. Katika maelezo ya mgongoni anawaelekeza wasomaji kwa walioiandika Afrika kabla yake, na kati yao yumo al-Hasan al-Wazzan, msomi wa Fez ambaye Ulaya ilimjua kama Leo Africanus. Tena Ortelius aliwaomba wasomaji wamletee ramani bora kuliko zake, akapokea barua na michoro kutoka pande nyingi, akabadilisha mabamba. Katika zama ambazo mafundi walinakiliana bila haya, yeye alitaja deni lake kabla hajadaiwa.

Simfanyi mtakatifu. Ramani yake ya mwaka 1573 ya milki ya Prester John, yule mfalme Mkristo aliyetungwa na Ulaya na kubandikwa Uhabeshi, inaivuta milki hiyo kusini hadi kuvuka ikweta, juu ya nchi za watu ambao hawakuwahi kumsikia mfalme huyo. Aliandika alichoambiwa, na alichoambiwa kilikuwa hadithi. Lakini msomaji wake aliweza kufuata nyuma: nani alisema, alisema wapi. Wachora ramani waliomfuata waliboresha vipimo, wakaiacha adabu hiyo.

Mfaransa d'Anville, kwa mfano, mwaka 1749 alitoa ramani ya Afrika inayosifiwa hadi leo na wasomi kwa sababu aliifuta sehemu kubwa ya katikati, akakataa kuchora asichokuwa na uhakika nacho. Naelewa sifa hiyo. Hata hivyo nafasi nyeupe ina hatari yake. Ziwa la kukosewa linamwambia mtazamaji kwamba pana maji, pana watu wanaoyajua. Karatasi tupu ilikuja kusomwa na wafalme wa Ulaya kama nchi isiyo na mwenyewe.

Karne moja baada ya d'Anville, nafasi ile nyeupe ilijazwa na wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, ingawa haikuandikwa hivyo. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani Jakob Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa akiwauliza watu wa misafara. Walimweleza njia tatu za kwenda bara kutoka sehemu mbalimbali za pwani, na kwamba kila njia inaishia kwenye maji makubwa. Maelezo yalikuwa sahihi: ni Nyanza, ni Tanganyika, ni Nyasa. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann, wakitafakari pamoja, waliamua kwamba maji yote matatu ni bahari moja ya ndani. Ramani yao ikatoka Ujerumani na London mnamo 1855 na 1856, ikiwa na ziwa moja kubwa mno, limejikunja kama koa, na wazungu wenyewe wakaipa jina la ramani ya koa. Vitabu vinaikumbuka kama kosa la kuchekesha la watu wawili. Hakuna kinachosema kwamba walioulizwa Tanga walitoa majibu matatu yaliyo sawa, na wauliza maswali wakayafanya moja.

Sasa nifike nyumbani. Ramani ile ya koa ndiyo iliyochochea Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kumtuma Richard Burton, naye akaja na John Hanning Speke. Tarehe 13 Februari 1858 waliliona ziwa upande wa Ujiji. Speke alikuwa anaumwa macho, aliona ukungu tu. Burton aliona mstari unaong'aa chini ya vilima, akamwuliza Sidi Mubarak Bombay ni kitu gani, na Bombay ndiye aliyemjibu kwamba ni maji. Bombay alikuwa Myao, aliyeuzwa utumwani India angali mtoto, akarudi Zanzibar akiwa huru. Alizungumza Kihindustani na Speke, maana Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu.

Swali lililowasumbua lilikuwa moja: Mto Rusizi, huku kaskazini kwetu, unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, basi huenda ndio Nile. Speke alivuka kwenda kisiwa cha Kasenge, ng'ambo ya magharibi, kukutana na mfanyabiashara Sheikh Hamid bin Sulayyim, akarudi na furaha kwamba Hamid ameuona mto mkubwa unaotoka ziwani upande wa kaskazini. Mwezi Aprili wakaja na mitumbwi miwili, chini ya Kannena, mkuu wa Kawele, aliyelipwa vizuri kwa safari hiyo. Walipita Ubwari, ambayo Burton aliiandika kuwa kisiwa. Mtu yeyote wa Fizi angemwambia kwamba Ubwari imeshikana na bara. Tarehe 26 Aprili 1858 wakafika Uvira, kituo cha mwisho cha wafanyabiashara wakati ule, penye chumvi, mahindi, pembe za ndovu na, kwa masikitiko, soko la watu.

Hapa Uvira walitembelewa na wana watatu wa mkuu wa nchi, Maruta. Burton aliwauliza kuhusu Rusizi. Vijana wale walisema wamefika kwenye mto huo, na kwamba unaingia ziwani. Watu waliosimama kando wakasema hivyo hivyo. Bombay naye akamweleza Speke kwamba Sheikh Hamid alieleweka vibaya kule Kasenge: alikuwa amesema unaingia. Hii yote imo katika kitabu cha Burton mwenyewe. Kannena na wapiga kasia wakakataa kuendelea kaskazini, wakihofia vita, na Burton, mgonjwa wa vidonda vya ulimi hata kunena ilikuwa taabu, akageuza mitumbwi tarehe 6 Mei. Kutoka ufuo wetu hadi mdomo wa Rusizi, leo pikipiki inakufikisha Kavimvira kabla jasho halijakukauka.

Mwaka 1864, akiwa Uingereza, baada ya ugomvi mkali na Speke juu ya chanzo cha Nile, Burton alichapisha hoja mpya na ramani ya kuithibitisha. Katika ramani hiyo Rusizi unatoka Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, unaunganika na ziwa lililo juu na kuwa Nile. Ushahidi wa wana wa Maruta uliwekwa kando kwa sababu haukumfaa kwa mabishano ya London. Nalirudia hili darasani kila mwaka, na kila mwaka linanichoma: watu walioyanywa maji ya mto huo walitoa jibu, jibu likaandikwa, likasomwa, na kisha ramani ikachorwa kinyume chake.

Miaka 13 baada ya jibu lile, mwishoni mwa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi hadi mdomo wa mto wakaona maji yanaingia. Vitabu vyote vinawapa wao wawili heshima ya kulimaliza swali. Upande wa Burundi, Mugere, kuna jiwe lililochongwa majina yao na tarehe 25-11-1871, na watalii hupigia picha hapo. Katika safari hiyo hiyo mkuu mmoja wa bonde la Rusizi, Ruhinga wa Mugihewa, aliwatajia mito inayoingia Rusizi na kuwaambia kwamba Rusizi wenyewe unaanzia karibu na ziwa linaloitwa Kivo. Kwa hiyo mwaka 1871 Kivu ilikuwa imeshatajwa, na aliyeitaja anajulikana. Vitabu vinasema iligunduliwa na Mjerumani Götzen mwaka 1894.

Katikati ya miaka hiyo miwili yalitendwa mabaya zaidi kwa penseli na rula. Agosti 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya dola lake la Kongo. Sehemu yetu ilikuwa mstari ulionyooka, kutoka digrii 30 mashariki na digrii 1 na dakika 20 kusini, hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Mstari huo ulikata vilima vya Rwanda bila aliyeuchora kujua kwamba kuna vilima. Ilichukua miaka 25 ya mabishano na Ujerumani, hadi mkataba wa Brussels wa Mei 1910, kuuhamishia mpaka Kivu na Rusizi. Familia ngapi za bonde zilijikuta zina ndugu ng'ambo na kaburi huku, hilo halikuwa katika ajenda. Mama zetu wanaovuka Kavimvira kila asubuhi na mabeseni ya samaki kwenda kuuza Bujumbura wanajua mpaka ule unakata nini.

Rafiki yangu, mwalimu wa historia, aliniambia, "Mwalimu, watu wana njaa, wewe unatafuta majina ya wana wa Maruta." Namheshimu, na swali lake ni halali. Ila ramani ya Uvira inachorwa upya sasa hivi, na uzembe ule ule umo ndani yake.

Aprili 2020 Mto Mulongwe ulishuka mlimani usiku na mawe, ukachukua nyumba na kuua makumi ya watu katikati ya mji. Kisha ziwa likaanza kupanda, mwaka hadi mwaka, na kufikia 2024 lilikuwa juu kwa kiasi ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Kilomoni ikageuka bwawa, barabara ya mpakani ikazama, Kalundu watu wakawa wanapita uani kwao kwa mtumbwi. Pamoja na maji zikaja timu za watu wenye kompyuta za mkononi. Timu moja, ambayo sitaitaja, ilipita mtaani kwetu ikipima kwa satelaiti, ikaweka alama nyekundu kwenye kuta na kuondoka. Ramani yake niliiona baadaye katika mkutano. Ilikuwa nzuri kwa macho, rangi tatu za hatari, nembo za wafadhili zimepangwa chini. Kijito kinachopita nyuma ya shule yetu, ambacho kina jina na kila mtoto anakijua, kiliandikwa namba.

Mjomba wangu hakuulizwa. Wakati huo alikuwa amekaa ufukweni anashona wavu, nami nilikuwa pamoja naye. Yeye hana skeli wala latitudo, lakini muulize maji yalifika wapi mwaka 1964 na atanyanyuka akupeleke. Alinipeleka. Tulipanda avenyu kutoka ziwani, akapita paseli moja, akapita ya pili, akasimama kwenye shina la mwembe mzee lililokatwa, na kwa kisigino akachora mstari vumbini. "Hapa baba yangu alifunga mutumbwi," akasema. "Nilikuwa mtoto, nilishika kamba." Kisha akanionyesha kwa kidole nyumba zilizojengwa chini ya mstari ule, moja moja, na nani aliuza kiwanja kwa nani, na mwaka gani mzee fulani aliwaonya wasijenge wakamwita mchawi. Nilipiga picha, nikaandika. Siku chache baadaye maji yalikuwa yameingia katika nyumba alizozitaja, isipokuwa moja yenye msingi mrefu.

Ziwa hili lina tabia ya kupanda na kushuka, na ramani na vitabu vya zamani vinaungana na kumbukumbu za wazee kutueleza. Msafiri Cameron alipopita mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876, Mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka, kule ambako leo ni Kalemie, ulikuwa umezibwa na matope na mafunjo, na ziwa lilikuwa linajaa. Mnamo 1878 kizuizi kilipasuka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10. Ufuo alioukanyaga Burton mwaka 1858 haukuwa pale ulipo ufuo wetu wa leo. Tambarare tunayouziana paseli kwa hati za kadasta ilikuwa chini ya maji mara zaidi ya moja, na itarudi huko. Mchora ramani asiyemwuliza mzee wala asiyefungua ramani ya zamani ataichora kama nchi kavu, atagonga muhuri, na mtu atajenga.

Kazi inayofanywa vizuri ipo, niitaje. Tangu 2014 mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team, umekuwa ukichora sehemu za dunia ambazo hazimo katika ramani: watu wa kujitolea walio mbali wanachora nyumba na barabara kutoka picha za satelaiti, kisha wenyeji wanatembea mtaani na kuweka majina. Nusu hiyo ya pili ndiyo yenye thamani. Picha ya satelaiti inaona paa. Haijui kwamba chini ya paa lile palikuwa na kinamasi, wala kwamba korongo lililokauka hutiririka kila baada ya miaka kadhaa.

Ninachokidai hakihitaji mfadhili. Kila ramani ya mji huu, iwe ya mafuriko, ya kipindupindu, ya mabomba ya maji au ya kadasta, iwe na orodha ya walioulizwa, kama Ortelius alivyofanya mwaka 1570: mvuvi, muuza samaki, mzee wa avenyu, shefu wa kartie, kila mmoja kwa jina lake akikubali, na alichokieleza. Anayetajwa hupima maneno yake. Kosa likigundulika, inajulikana wa kurudiwa na kuulizwa tena. Na timu itakayokuja na orodha tupu, mkutano wa mtaa uikatalie muhuri mpaka irudi kuuliza. Watumishi wa ofisi za mji wataniambia kwamba hakuna sheria ya hivyo. Ortelius naye hakuamriwa na sheria.

Kwa shule, ombi langu ni jepesi zaidi. Ramani ya Ortelius, ramani ya koa, ramani ya Burton yenye kisiwa cha Ubwari na ile ya 1864 yenye Rusizi unaotoka, zote nne zichapishwe kubwa na zitundikwe karibu na ramani mpya ya Afrika, ili mtoto aone jinsi ziwa lake lilivyosogezwa na nani alikuwa anajua kweli wakati linasogezwa. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, linatunza karatasi za Stanley na hazina kubwa ya ramani za nchi yetu. Nakala za kidijitali za zile zinazoihusu kaskazini ya ziwa hili zina haki ya kufika kwenye Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia hapa Uvira, ambacho kimelichunguza ziwa tangu miaka ya 1950, na kutoka hapo zifike kwa walimu. Hatuombi zawadi. Habari zilizomo zilitoka kwetu.

Majina ya wana watatu wa Maruta Burton hakuyaandika. Aliliandika la baba yao, na hilo linatosha kuanzia. Mwaka huu darasa la nne litachora ramani ya mdomo wa Rusizi kwa mkono, kwa skeli, na mshale wa maji ukielekea ziwani. Kwenye kona ya chini, pale ambapo mafundi wa Antwerp waliweka majina yao, nimewaagiza waandike: habari ya mto, wana wa Maruta wa Uvira, 1858, Sheikh Hamid bin Sulayyim kwa mdomo wa Sidi Mubarak Bombay, habari ya Kivu, Ruhinga wa Mugihewa, 1871. Chini yake wamebakiza mistari mitupu kwa ajili ya wavuvi wa Kavimvira, ambao wanafunzi wataenda kuwauliza mto umehama kiasi gani tangu maji yapande.